Uani mwa Moyo

Piga funda la chai ya moto, umeze. Kabla halijatua tumboni, likiwa bado katikati ya kifua, funda hilo linapita karibu mno na damu ya moyo wako. Kinachotenganisha chai na damu ni ukuta wa umio na ukuta wa chumba kimoja cha moyo, na kwa watu wengi kuta hizo mbili zikiwekwa pamoja hazifikii unene wa nusu sentimita. Chumba hicho ni atiria ya kushoto, na sura hii ni yake.

Tukiulizwa moyo uko wapi, tunagusa ziwa la kushoto. Mkono haujakosea sana, ila hausemi moyo umekaaje. Moyo umelala kimshazari na kujigeuza kidogo, hata chumba kinachotazama mbele, nyuma ya mfupa wa kidari, ni ventrikali ya kulia. Atiria ya kushoto iko nyuma kabisa, imeelekea uti wa mgongo. Aliyelelewa katika nyumba ya Kiswahili ataelewa upesi: mbele kuna baraza, wanapokaa wageni na kusalimiana wapita njia, nyuma kuna uani, penye kinu, jiko na kamba za kuanikia nguo. Mgeni anaweza kunywa kahawa barazani miaka kumi asijue uani kuna milango mingapi. Sisi madaktari tulikaa barazani hivyo hivyo kwa muda mrefu sana. Tuligonga kifua kwa vidole, tukasikiliza kwa stethoskopu, tukapiga eksirei, na uani tukapajua kwa kukisia na kwa kupasua maiti.

Kazi ya chumba hicho ni kupokea. Damu yote iliyokwenda mapafuni kuchukua oksijeni inarudi hapa, lita tano hivi kila dakika mtu akiwa ametulia, kisha inateremka kupitia valvu ya mitrali hadi ventrikali ya kushoto, ambayo ndiyo inayoisukuma mwilini. Mishipa inayoileta damu hiyo inaitwa vena za mapafu, na shuleni tulifundishwa kwamba ni nne: mbili kulia, mbili kushoto. Niliichora hivyo na nikapata alama zangu zote. Miaka mingi baadaye, nikiwa mbele ya skrini ya mashine ya CT, nikaanza kukutana na watu ambao mchoro wangu wa shuleni hauwahusu. Tafiti za picha hutofautiana kidogo kwa hesabu, lakini nyingi zinaangukia karibu na theluthi mbili: hao ndio wenye milango miwili kila upande. Waliobaki wamejengewa vingine, na wengi wao wataishi hadi uzee bila kujua wala kuhitaji kujua.

Kwa nini wamejengewa vingine? Jibu ninalolipenda liko kwenye kibao cha jikoni.

Pita buchani ununue moyo wa mbuzi. Mwambie muuzaji asiukate juu, maana wengi huondoa vyumba vya juu pamoja na mafuta na mishipa. Uoshe, ubonyeze kwa vidole. Upande ulio mgumu ni ventrikali ya kushoto, na juu yake ndipo ilipo atiria tunayoitafuta. Pembeni utaona kipande cha nyama kilichochomoza, kingo zake zimekunjamana, mfano wa sikio la mwanambuzi. Jina lake la Kilatini lina maana ya sikio dogo, nami nitakiita kisikio. Sasa uchane ukuta wa atiria kwa kisu, uufungue kama kitabu, upitishe kidole. Sehemu kubwa ni laini kama mgongo wa kauri. Kisha kiingize kidole ndani ya kisikio. Hapo kinakwaruza: misuli imejipanga mistari mistari kama meno ya kitana. Chumba ni kimoja lakini kuta zake ni za aina mbili, na tofauti hiyo unayoisikia kwa ncha ya kidole imebaki tangu siku za mimba.

Mtoto akiwa na wiki nne hivi tumboni, moyo wake ni mrija unaojikunja, na atiria ya kushoto ni kifuko kidogo. Nyuma yake linaungana shina moja la vena linalotoka mapafuni. Shina hilo, ukilifuata kuelekea mapafu, linagawanyika matawi mawili, na kila tawi linagawanyika tena. Halafu atiria inaanza kulimeza. Inalivuta ndani na kulitandaza liwe ukuta wake, inafika kwenye mgawanyiko wa kwanza, inaendelea hadi wa pili. Ikisimama hapo, milango inayobaki ni minne. Ule ulaini ulioupapasa ni vena iliyomezwa. Atiria ya mwanzo kabisa imesukumwa pembeni, na kilichobaki kwake ni kisikio.

Ukishalijua hilo, tofauti nyingi zinajieleza zenyewe. Atiria iliyoacha kumeza mapema upande wa kushoto inabaki na mlango mmoja mpana unaopitisha vena zote mbili. Hilo tunaliita shina la pamoja la kushoto, na ni miongoni mwa tofauti tunazoziona mara nyingi zaidi. Iliyoendelea kumeza kupita kiasi upande wa kulia inapata mlango wa tatu, kwa kawaida mdogo usiofika sentimita moja, unaoleta damu ya kipande cha kati cha pafu la kulia. Pafu la kulia lina vipande vitatu na la kushoto viwili, kwa hiyo si ajabu mlango wa ziada ukatokea kulia zaidi. Mara chache vena inajitobolea mlango darini, juu kabisa ya atiria, na ukiiona kwa mara ya kwanza unaihesabu mara mbili mbili. Katika hao wote hakuna kilichoharibika. Umezaji ulisimama hatua moja nyuma au hatua moja mbele, basi.

Kwa vizazi vingi mambo haya yalikuwa ya wapasua maiti na wachoraji wa vitabu. Yaligeuka kuwa mambo ya mgonjwa aliye kitandani mwaka 1998, pale Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walipotoa ripoti ya wagonjwa 45 ambao atiria zao zilikuwa zikiingia katika mtetemo. Atiria inayotetema haikazi na kulegea kwa mpigo. Ukuta wake unatikisika kama maji ya sufuria yanayoanza kuchemka, na mapigo ya mgonjwa yanakwenda ovyo. Walipitisha nyaya nyembamba hadi ndani ya moyo wakatafuta cheche ya umeme inayouwasha mtetemo huo. Walipata vyanzo 69, na 65 kati ya hivyo vilikuwa ndani ya vena za mapafu, sentimita mbili hadi nne kutoka mlangoni. Msuli wa moyo haukomi mlangoni. Unaingia ndani ya vena na kuifunika kama mkono wa kanzu unavyofunika mkono wa mtu, na ndani ya mikono hiyo ndimo cheche zilimokuwa zikizuka.

Tiba iliyotokana na ugunduzi huo ni kuuzungushia kila mlango duara la kovu, kwa joto au kwa baridi kali, ili cheche ikizuka isivuke. Sasa mlango mmoja mpana na milango miwili myembamba si jambo lile lile tena. Daktari anayetumia puto la baridi, lenye kipenyo cha milimita 28 kwa lile kubwa linalotumika sana, anahitaji mlango ambao puto litauziba barabara, na mlango wa shina la pamoja huweza kuwa mpana kuliko puto. Mlango mdogo wa ziada ambao hakuna aliyeutaja unaweza kuachwa nje ya duara, mgonjwa akarudi na mapigo yake yale yale. Au ukachomwa kwa ndani, ukasinyaa, na damu ya kipande kile cha pafu ikakosa pa kutokea. Na nyuma ya ukuta, milimita chache kutoka kwenye moto huo, ndipo linapopita lile funda la chai. Joto likipenya hadi kutoboa njia kati ya atiria na umio, jambo ambalo kwa bahati ni nadra, wengi wa wagonjwa hao hawaponi. Kwa hiyo kabla mkono haujaingia uani, inatakiwa ramani ya uani wa mtu huyu, siyo wa mtu wa kitabuni.

Ramani hiyo ndiyo CT, na hesabu zilizoiwezesha zina mzizi hapa barani. Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, alipewa mwaka 1956 kazi ya kusimamia matumizi ya mionzi katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Kazi hiyo ilimfanya ajiulize jinsi ya kujua, kwa kupima mionzi nje ya mwili tu, kila sehemu ya ndani imeifyonza kwa kiasi gani. Alichapisha majibu yake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyeyashughulikia. Uingereza, Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI ambaye hakuijua kazi ya Cormack, alijenga mashine yenyewe, na tarehe 1 Oktoba 1971 ubongo wa mgonjwa wa kwanza ukapigwa picha katika Hospitali ya Atkinson Morley, London. Picha ile ilikuwa na vidoa 80 kwa 80 tu. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Mpaka leo weusi na weupe wa picha za CT tunaupima kwa kipimo chenye jina la Hounsfield: maji ni 0, hewa ni hasi 1000, mfupa uko juu huko.

Ubongo unatulia upigwe picha. Moyo hautulii. Ilibidi mashine zijifunze mbio, na zile zenye safu 64 za vipokea mionzi, zilizoenea kuanzia mwaka 2004 hivi, ndizo zilizotufikisha mahali pa kuuona moyo vizuri mtu akibana pumzi mara moja tu.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Mgonjwa analala chali, mikono juu ya kichwa, nyaya za kipimo cha umeme wa moyo zimebandikwa kifuani. Mapigo yakiwa mengi anapewa dawa ya kuyapunguza, tukitamani yashuke hadi 60 na kitu kwa dakika. Sindano inawekwa kwenye mshipa wa kiwiko, na kupitia hapo inasukumwa dawa yenye madini ya iodini inayoifanya damu ing'ae kwenye picha. Tunamwambia mapema kwamba atahisi joto linamteremkia mwilini hadi nyongani, kama aliyejikojolea, na kwamba hajajikojolea. Asipoambiwa hilo anashtuka, moyo unakimbia, na picha zinaharibika. Sauti inamwambia avute pumzi, aibane. Kitanda kinasogea. Sekunde chache, imekwisha. Kompyuta inachagua zile nukta za mpigo ambapo moyo ulikuwa umetulia kidogo, inazishona, na mbele yangu vinafunguka vipande mamia, kila kimoja chembamba kuliko milimita moja. Ninateremka navyo kutoka shingoni kwenda tumboni, nikisubiri uani pafunguke.

Nilipokuwa bado nasomea ubingwa, jioni moja nilikuwa nyuma ya kile kioo kizito chenye madini ya risasi, mgonjwa angali kitandani upande wa pili. Damu kwenye atiria ilikuwa nyeupe inang'aa, lakini kwenye ncha ya kisikio palikuwa na kivuli. Nilijua ninachokiona: bonge la damu. Bonge ndani ya kisikio ni jambo zito. Likichomoka linapanda kichwani, na hapo ni kiharusi. Na kwa mgonjwa anayejiandaa kuchomwa kwa nyaya, matibabu yanaahirishwa. Nilikwisha shika kalamu. Mwalimu wangu, mama mtaratibu asiyepandisha sauti, aliegemea skrini, akatazama kivuli kile, kisha akaitazama saa ya ukutani. "Mgonjwa hajashuka?" Nikasema bado. "Basi rudieni hapo hapo pa kisikio. Dakika moja imeshapita."

Tukarudia, kipande kidogo tu cha moyo. Kivuli hakikuwepo. Kisikio kizima kilikuwa kimejaa weupe hadi nchani.

Alinieleza baadaye tukitembea kwenda kwenye gari. Atiria inapotetema, kisikio hakijikamui. Damu yake inazubaa kama maji ya mkono wa mto wakati wa kiangazi, na dawa inachelewa kufika ncha. Picha ya kwanza inakuta dawa haijafika. Ukisubiri dakika moja, dawa inapenya na kivuli kinatoweka. Lakini kama ni bonge, kivuli kinabaki pale pale, kwa sababu dawa haina pa kuingia. Nimeikumbuka saa ile ya ukutani kila mara tangu siku hiyo. Ningeandika neno moja lisilo sahihi, na mtu angerudishwa nyumbani akiamini amebeba kiharusi kifuani.

Kuna tofauti nyingine iliyowaponza madaktari wengi kabla yangu. Kati ya kisikio na mlango wa vena ya juu ya kushoto kuna tuta, mkunjo wa ukuta wa atiria, jembamba kwa watu wengine na nene kwa wengine. Kwenye kipimo cha eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ncha ya tuta hilo inaweza kuonekana imevimba kama kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, inachezacheza ndani ya damu. Madaktari walilidhania kuwa bonge au uvimbe, wakawaandikia watu warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inayotaka kupimwa damu kila mara na inayoweza kumvujisha mtu damu. Makosa hayo yalirudiwa mara nyingi kiasi kwamba maumbile haya, ambayo kila mmoja wetu anayo, yamebaki na jina la tuta la warfarini. CT inalionyesha tuta kwa upole kabisa: ukuta unaojikunja, huku vena na huku kisikio, hakuna zaidi.

Na kisikio chenyewe hakifanani kwa watu wawili. Mwaka 2012 Luigi Di Biase na wenzake walipanga visikio vya wagonjwa 932 wenye mtetemo wa atiria, wakitumia CT na picha za sumaku, wakavipa majina ya maumbo: bawa la kuku, lenye kona katikati, asilimia 48; dungusi, asilimia 30; mfuko wa upepo wa uwanja wa ndege, asilimia 19; na koliflawa, kifupi chenye vijumba vingi, asilimia 3. Wenye bawa la kuku walikuwa wamepata kiharusi kwa uchache kuliko wenzao. Matokeo hayo yalipendwa haraka, labda kwa sababu majina yanashikika. Mimi naona tuyatumie kwa tahadhari. Mpe daktari mmoja kisikio kimoja atasema dungusi, umpe mwenzake atasema koliflawa, na wote wawili wana hoja. Sijawahi kukubali mgonjwa aambiwe aache dawa za kuzuia damu kuganda kwa sababu kisikio chake ni bawa la kuku. Umri wake, presha yake, kisukari na kiharusi alichowahi kupata vinasema mengi kuliko umbo hilo. Umbo lina kazi yake mahali pengine, pale mtu asiyeweza kutumia dawa hizo anapozibwa kisikio kwa kifaa maalumu. Hapo tunapima upana wa mlango, kina chake, na kona iko umbali gani, maana kifaa kisichoenea kinavujisha au kinang'oka.

Ukuta unaotenganisha atiria mbili nao una mambo yake. Tumboni mwa mama, mapafu hayafanyi kazi, na damu inavuka kutoka kulia kwenda kushoto kupitia kijidirisha chenye kibao chake. Mtoto akivuta pumzi ya kwanza, kibao kinasukumwa na kufunga, kisha taratibu kinashikamana. Kwa wengi. Katika mioyo 965 iliyopasuliwa na watafiti wa Mayo Clinic na kuripotiwa mwaka 1984, asilimia 27 ilikuwa bado na mwanya. Zaidi ya mtu mmoja katika kila wanne, basi, na wengi wao hawakusumbuka. Wengine kibao kimeshikamana nusu tu, kikaacha kifuko upande wa kushoto. Kuna pia vijifuko vidogo kwenye kuta nyingine za atiria, hasa sehemu ya juu ya mbele. Vyote hivi naviandika kwenye ripoti kwa sentensi moja moja, ili fundi wa nyaya asije akakishindilia kijifuko chenye ukuta mwembamba akidhani ni mlango.

Lakini ipo tofauti moja ambayo siyo ya kupita nayo haraka, hasa kwetu. Ikiwa lile shina la mwanzo halikumezwa ipasavyo, mpaka wake unaweza kubaki kama utando unaokata atiria ya kushoto vyumba viwili: cha juu kinachopokea vena, cha chini chenye valvu. Kati yao kuna tundu. Daktari Church wa London alieleza moyo wa namna hiyo mwaka 1868. Tundu likiwa kubwa mtu anazeeka bila habari. Likiwa dogo damu inarudi nyuma na kujaa mapafuni: mgonjwa anahema akipanda ngazi, analalia mito mitatu, anakohoa usiku. Hizo ndizo dalili za valvu ya mitrali iliyosinyaa, na Afrika Mashariki valvu iliyosinyaa tunaijua kwa majonzi. Inatokana na homa ya rumatiki, ambayo huanza kama kidonda cha koo cha mtoto kisichotibiwa. Mahali ambapo ugonjwa mmoja umejaa, jina lake linakuwa jepesi mdomoni, na mwenye utando anaweza kupachikwa jina la valvu. Utando hukatwa na mpasuaji, na aliyekatwa mapema anaweza kuishi kama wenzake. Ndiyo maana huwa siamini ripoti inayotaja valvu kabla haijasema atiria juu yake ikoje.

Valvu inaposinyaa kweli, maumbile ya asili yanafunikwa. Chumba kinafurika na kutanuka mwaka hadi mwaka, milango inavutwa mbali, kisikio kinavimba. Nimeona atiria iliyoufukuza umio pembeni hadi mgonjwa akashindwa kumeza ugali. Mwaka 1897, Norbert Ortner wa Vienna alieleza wagonjwa wa valvu waliopotewa na sauti, kwa sababu neva inayokwenda kwenye zoloto upande wa kushoto inazunguka chini ya aorta na inaweza kubanwa pale moyo unapokua. Mtu anakwenda kliniki ya koo, kumbe chanzo kiko uani mwa moyo. Mabonge nayo yanabadili makazi. Joseph Blackshear na John Odell walikusanya tafiti mwaka 1996 wakakuta kwamba, kwa wenye mtetemo usiotokana na rumatiki, mabonge ya atiria ya kushoto yalikuwa ndani ya kisikio kwa asilimia 91. Kwa wenye rumatiki ilikuwa asilimia 57. Yaliyobaki yalitapakaa chumbani. Anayesoma picha za mgonjwa wetu akiishia kutazama kisikio peke yake, kama vitabu vingi vya ng'ambo vinavyomfundisha, atakosa karibu nusu.

Mwaka jana nilisoma picha za mwalimu mstaafu aliyekuwa akijiandaa kusafiri India kuchomwa milango. Valvu zake zilikuwa nzima, mtetemo wake ulikuja na umri na presha. Kuna ripoti aliyokuja nayo kutoka kwingine, na upande wa vena ilikuwa na maneno matatu: vena nne, kawaida. Nilihesabu. Milango kweli ilikuwa minne. Nikateremka tena kipande kwa kipande. Kushoto, vena mbili zilikutana kabla ya kufika, zikaingia kwa mlango mmoja. Kulia kulikuwa na ya juu, ya chini, na katikati yao kijilango cha milimita nane. Mmoja na mitatu. Jumla haikuwa na kosa, na ramani yote haikuwa sahihi.

Alirudi kuchukua majibu akiwa amevaa kitenge na miwani ya kusomea ikining'inia shingoni. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, daktari. Enhe, umeona nini?" Nilimgeuzia skrini, nikaizungusha ile sanamu ya kompyuta, atiria yake yenyewe, rangi ya udongo, tukaitazama kutoka nyuma. Alivaa miwani, akanyoosha kidole akahesabu kwa sauti, kama aliyezoea kuhesabu watoto mstarini. Moja, mbili, tatu, nne.

"Mbona ni minne? Kitabuni si ni minne?"

Nikamwonyesha kushoto na kulia. Alikaa kimya, akahesabu tena upande mmoja mmoja.

"Hii ni maradhi?"

"Hapana, mwalimu. Ndivyo ulivyozaliwa. Maradhi ni ule mtetemo."

"Na hao ninaokwenda kwao, watajua?"

Nilimwambia ndiyo kazi ninayoimalizia. Akavua miwani, akasema basi atanisubiri hapo hapo, niandike bila haraka. Nikaandika upana wa mlango wa kushoto, milimita 31 kwa 19. Umbali kutoka mlangoni hadi pale vena mbili zinapoachana. Nafasi ya kijilango cha katikati. Umio ulipopita, upande wa kushoto, umeegemea ukuta wa nyuma. Nilipochapa karatasi aliisoma yote, maneno ya kitabibu na yote, akaikunja mara mbili na kuitia ndani ya pasipoti.